Kikapu Juu ya Resho

Watu wa Bukavu tuna tabia moja ambayo mgeni huishangaa. Courant ikirudi, yaani umeme kwa wale wanaosema Kiswahili cha vitabuni, mji mzima unapiga kelele. Usidhani ni watoto tu. Mwalimu wa chuo anapiga, shemasi anapiga, mama mwenye heshima zake aliyekuwa anasali rozari anaiacha Salamu Maria katikati na kupaza sauti: "Yeeee!" Kelele inaanzia mtaa mmoja, inarukia mlima mwingine, na wewe ukiwa kitandani kwako unajua nani amepata na nani bado yumo gizani.

Ghislaine naye alikuwa mpigaji mzuri wa kelele hiyo, ijapokuwa ni katibu wa chuo na mtu wa kupiga pasi hata leso. Siku hizi hapigi. Courant ikirudi ananyamaza kwanza, anasimama, anatazama jikoni. Ana haki yake, na ukisikia yaliyompata utamhurumia.

Mvua ile haikunyesha, jamani, ilimwagwa. Ilikuja Jumapili mchana baada ya misa, ikitanguliwa na upepo kutoka ziwani uliobeba mabati ya watu kama majani ya mihogo. Ikafuata mvua ya mawe. Kule Muhumba, mtaa wa Ghislaine, nguzo ya njia panda ililala chini na nyaya zake, kitu kikalia "puu!" ndani ya kabini ya umeme, na taa zote zikafa. Ghislaine alikuwa ameweka maharagwe kwenye resho, lile jiko dogo la umeme, na hayakuwa yameiva hata nusu. Alisonya, akaitoa sufuria, akawasha mbabula, jiko la makaa, barazani, akaendelea na kazi yake.

Kitu kimoja hakufanya. Hakurudisha kifungo cha resho mahali pake. Na nani anakumbuka kuzima kitu ambacho kimeshajizimia chenyewe?

Siku zikapita bila courant, mvua ikirudi kila mchana kama mtu anayedai deni. Bati la jikoni lilikuwa limefunguka upande mmoja, sakafu ikawa maji matupu. Mahali pakavu palikuwa juu ya resho tu, na resho isiyo na courant ni meza, kila mwanamke wa Bukavu anajua hivyo. Basi Ghislaine akaweka pale kikapu cha nguo za baba yake, shati juu ya shati, na juu kabisa lile blanketi zito la sufi. Akajipongeza kwa akili zake.

Baba yake, Papa Adalbert, alikuwa mtu wa posta zamani, posta ilipokuwa posta. Ugonjwa ulimpooza upande wa kushoto, mkono na mguu. Mdomo haukupooza. Alishinda kwenye kiti chake karibu na dirisha, fimbo mapajani, akiwasemesha wapita njia kupitia nondo. Asubuhi Ghislaine alimwachia chai kwenye thermos na mkate, anafunga mlango kwa kufuli upande wa nje kwa sababu ya wezi, anaenda kazini. Jioni aliikuta chai vilevile, haikuguswa. Alisikitika sana. Alidhani mzee anaanza kukata tamaa ya dunia.

Chini ya nyumba yao, kwenye mteremko, palikuwa na kibanda cha mbao, na humo alikaa Cibalonza na watoto wake watatu. Alitoka Bunyakiri akikimbia vita. Alipofika, Ghislaine mwenyewe ndiye aliyemvutia waya kutoka nyumbani kwake, bure, kwa moyo mweupe. Lakini kila jioni disjoncteur ya nyumba, ile swichi kuu inayojizima umeme ukizidi, ikawa inaruka, giza, unairudisha, inaruka tena. Ghislaine akasema Cibalonza anapika kwa resho kwa siri. Cibalonza akasema hana hata hiyo resho. Neno likazaa neno, mpaka Cibalonza akatamka mbele ya majirani: "Maman, hii disjoncteur yako imezeeka kupita muzee wako!"

Hapo ndipo palipoharibika. Ghislaine alikata waya jioni ileile, akafuta namba ya Cibalonza kwenye simu, na tangu Noeli hawakusalimiana. Mzee aliyetukanwa ndiye aliyecheka peke yake, akacheka mpaka akakohoa. Ghislaine hakuona kichekesho. Kutoka siku hiyo hata mlio wa mchi wa Cibalonza akitwanga sombe, majani ya mihogo, ulimkera, tuu, tuu, tuu, akawa anafunga madirisha kwa nguvu ili mwenzake asikie.

Wakati wa mvua ile alimwona Cibalonza akichota maji ndani ya kibanda kwa beseni na kuyamwaga nje, naye amelowa chapachapa, na maji mengi yalikuwa yanatoka kwenye paa la Ghislaine.

"Mupatie hata pole," Papa Adalbert alisema dirishani. "Pole hailipiwe."

"Mi siko na pole ya kumupatia, papa."

"Haya. Weka yako, siku moja utaitafuta."

Moyo ulimchoma kidogo, sitasema uongo. Lakini kiburi ni kitu kizito kukitua ukishakibeba njiani watu wakikuona.

Siku moja mchana, mvua ilipopumzika, alikuja Rosalie, rafiki yake wa kwaya, sketi imepandishwa na ndala mkononi.

"Ghislaine, twende. Constance wetu wa kwaya, mutoni kule nyuma ya Nyawera, maji imemuingilia. Nyumba yote iko tope. Bamama ba kwaya bote banaenda kusaidia."

Ghislaine alimtazama baba yake.

"Enda, mwana," mzee alisema. "Mi nitaenda wapi? Miguu yangu iko ku congé, ilipewa likizo."

Alimsogezea thermos, akamfunika magoti kwa shuka, akafunga kufuli, akavuta mara mbili kuhakikisha. Nyuma yake tuu, tuu, tuu, Cibalonza alikuwa anatwanga. Ghislaine alipita bila kugeuza kichwa.

Kwa Constance walikuta hali ya kuliza. Maji yalikuwa yamerudi mtoni, lakini yaliacha mstari wake ukutani, juu ya kifua cha mtu mzima. Magodoro yalikuwa yamelazwa nje, yamevimba. Unga ulikuwa uji. Wanawake walikwangua tope kwa sahani na vipande vya mbao, wakiimba kidogo ili wasilie, na Constance alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na picha za arusi yake mikononi, zimegandana zote kuwa kitu kimoja.

"Mi nalia juu ya nini?" alisema. "Batoto bangu bote bako bazima. Jirani yangu mumoja hajaonekana mupaka leo. Mi nalia juu ya mafoto. Munisamehe."

"Lia tu," Ghislaine akamwambia, naye akalia pamoja naye, tope mpaka kwenye viwiko. Alikuwa mtu wa huruma, muelewe hivyo. Huruma yake ilikuwa inaruka nyumba moja tu, ile ya chini yake.

Walikuwa wamebakiza chumba cha mwisho, mawingu yameshazima jua, ndipo kelele ilipoanza. Kwanza mbali, upande wa ziwa. Kisha karibu. "Yeeee! Courant! Yeeee!" Mlima mzima ukaitika, taa zikachomoza moja moja halafu zote, redio za watu zikapasuka kuimba. Rosalie alitupa sahani yake akacheza humohumo topeni. "Muhumba njo imeanza! Ghislaine, muko nayo! Muko nayo!"

Ghislaine alinyanyua mikono ashangilie. Mikono ikabaki juu.

Alikiona kikapu. Alikiona kama kilikuwa mbele yake: mashati, blanketi la sufi, na chini yake resho, na kwenye resho kile kifungo kimegeuzwa mpaka mwisho kwa ajili ya maharagwe.

"Papa," alisema.

"Nini?"

"Papa iko ndani. Nilifunga. Rosalie, nilifunga!"

Akachomoa simu. Imekufa, ilikuwa imekufa tangu juzi. Ya Rosalie ilikuwa na pumzi kidogo. Ghislaine akabonyeza namba ya baba yake kwa vidole vya tope: haipatikani, bila shaka, nayo haikuwa na chaji. Ampigie nani mwingine? Wenye nyumba ya juu yao walikuwa wamesafiri Goma. Ya pembeni ni uwanja mtupu. Mtu aliye karibu na mlango ule, wa kuufikia kabla hujamaliza kusema jina lake, alikuwa mmoja tu duniani, na namba yake Ghislaine aliifuta kwa kidole chake mwenyewe.

Alirudisha simu akakimbia. Hakuaga, hakunawa, hakuvaa viatu.

Pale Nyawera wenye pikipiki nao walikuwa wanashangilia. Alimkamata mmoja shati. "Muhumba! Mbio! Nyumba yangu iko nawaka!" Kijana hakuuliza bei. Lakini barabara ilikuwa imekatwa na mtaro uliofumuka, magari yamesimama pua kwa pua, na kila mtu akitabasamu. Mama mmoja wa ndizi alimpungia mkono: "Maman, courant imerudi!" Ghislaine alitaka kumpiga.

Ndipo akasali sala ambayo sidhani kama mtu mwingine wa Bukavu amewahi kuisali tangu mji uanze kuwa na nyaya. "Mungu wangu, ikate. Ikate tena. Tukae gizani mwaka muzima, lakini ikate."

Haikukatika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake courant ya Bukavu ilikuwa imara.

Mtaro uliposhinda pikipiki, alishuka akapanda mteremko kwa miguu, akiteleza, akishika nyasi, akilia kwa sauti kama mtoto. Alijua mwili wa baba yake. Alijua ungeweza kumfikisha wapi peke yake: hapo kitini, na kutoka hapo kitini, sakafuni. Mlango ulikuwa na kufuli. Dirisha lilikuwa na nondo. Vyote alivitia yeye, kwa upendo, ili mzee awe salama.

Alipokata kona ya mwisho aliona Muhumba yote inang'aa, nyumba kwa nyumba, hadi ziwani. Nyumba yake peke yake ilikuwa nyeusi. Harufu ya sufi iliyoungua ikampokea.

"Papa!" Sauti ilitoka kifuani kama inararuliwa. "Papa ee! Papa wangu!"

"Juu ya nini unapiga kelele?" sauti ikajibu kutoka chini. "Njo hapa. Na uangalie, kuko utelezi."

Papa Adalbert alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha kibanda cha Cibalonza, amefungwa kitenge cha maua mabegani, masizi usoni, bakuli la uji kwenye mkono wake mzima. Watoto watatu walikuwa wamemzunguka. Ghislaine alianguka magotini akamshika kichwa, mashavu, masikio, akamshika tena upya toka mwanzo. Mzee alimwachia uji umwagike.

Cibalonza alisimama kando. Mchi wake wa sombe ulikuwa chini miguuni pake, umepasuka kichwani. Alikuwa anautikisa mkono wake wa kulia taratibu, kama unaokufa ganzi.

"Nilisikia muzee anapiga nondo na fimbo," alisema, akitazama pembeni. "Nilipoangalia mu dirisha, moshi. Nilikimbia na ndoo ya maji. Muzee akanikemea: usimwange maji, kata courant kwanza, utakufa! Njo nikakata. Na panga. Kisha nikavunja kadenasi ya mulango na muchi, nikamutoa muzee, nikazima moto. Blanketi imeungua, na mashati. Na kipande ya dari. Utanisamehe juu ya mulango."

"Ulikata wapi?" Ghislaine aliuliza. Aliuliza tu, kwa kuwa mtu lazima aseme kitu. "Sanduku ya mita iko ndani."

Cibalonza alitupa macho ukutani. Ghislaine akageuka akatazama ukuta wa nyumba yake, na kwa mwanga wa nyumba za wengine akaona yote. Pale waya mkubwa unapoingia ukutani, palipofichwa na majani ya maboga, ulikuwa umekatwa, ncha ya upande wa nguzo imening'inizwa kwenye mti mkavu, juu, watoto wasiifikie. Na kando ya mkato, kwenye kipande kilichobaki ukutani, uliungwa waya mwingine mwembamba, umefungwa utepe mweusi kwa ustadi wote. Waya huo ulishuka na ukuta, ukaingia udongoni, mvua ikaufukua hapa na pale, ukatokea kwenye mbao za kibanda.

Yaani tangu alipomkatia, mwanamke huyu alikuwa anamnyonya courant mgongoni. Na kwa sababu alikuwa mwizi wake, alijua usiku na mchana, macho yamefumbwa, ni waya upi wa kukata. Mtu mwema asiyeujua waya ule angekemewa vilevile na mzee, akabaki na ndoo yake mkononi, asijue akate wapi.

Cibalonza alikuwa anangoja, kidevu kimeinuka kidogo, kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake moyoni. Alipoinua panga lile alijua anakata nini. Angeweza kupiga yowe tu, akaita watu, akaficha waya wake.

"Mi njo nilimuonyesha mahali," Papa Adalbert alisema ghafla. "Usimuangalie vile. Batoto balikuwa banasoma na mushumaa, mbele ya dirisha yangu. Ningefanya nini?"

"Papa!"

"Na kila saa sita ananiletea buji, ananipitishia mu nondo. Kitu ya haki."

Ghislaine akageuka polepole. "Kumbe chai yangu..."

"Chai yako haina sukari, mwana."

Sijui kama alianza kwa kucheka au kwa kulia, na yeye mwenyewe hajui. Vilikuja pamoja, akakaa chini kwenye tope la mlango wa Cibalonza na sketi yake ya kwaya, mabega yakimtikisika, mpaka Cibalonza akaogopa akainama kumshika. Ghislaine akaudaka mkono ule wa kulia, ule wenye ganzi, akaukanda kidole kwa kidole. Hakuuachia.

"Ilikuuma?"

"Kidogo."

"Na courant yako pia umeikata."

"Ile ilikuwa yako."

"Pole," Ghislaine alisema. Neno lilitoka dogo, limechakaa kwa kukaa sana ndani. "Pole ya leo, na pole ya siku ile ya maji. Nilikuona. Nilikuona unachota, na nilinyamaza."

Cibalonza alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka naye, na aliyafuta kwa bega kwa vile mkono mmoja ulikuwa umeshikwa. "Na mi niseme pole ya disjoncteur. Muzee wako hajazeeka."

"Nimezeeka," akasema mzee. "Lakini siruki."

Wakacheka wote, watoto pia ambao hawakuelewa. Huko juu mlima uliendelea na muziki wake, kila dirisha lina taa, na hapa katikati palikuwa na shimo jeusi la nyumba mbili, moja ya matofali na moja ya mbao. Cibalonza alisema kesho atatafuta fundi. Ghislaine akasema fundi atavuta nyaya mbili, na wa pili upite juu, mahali pa kuonekana. Kisha akasuguasugua tope lililokauka kwenye vidole.

"Nipatie namba yako."

"Si uko nayo?"

"Niliifuta."

Cibalonza alimtazama, akaelewa, wala hakulikuza jambo. "Telefone yako iko na chaji?"

"Haina."

"Sasa utaiandika wapi?"

"Sema tu."

Cibalonza akaisema kwa Kifaransa, maana namba sisi sote tunazihesabu kwa Kifaransa. Ghislaine akairudia, akakosea katikati. Papa Adalbert, ambaye aliijua yote kwa kichwa, akamsahihisha. Akaanza tena kutoka zéro, magoti kifuani, macho amefumba kama mtoto wa katekisimu, akakosea, akaanza tena. Uji uliobaki wa mzee ulipoa. Hakuna aliyemwambia aache, naye akaendelea kuirudia mpaka akaishika.